Mwano Ulioandikwa kwa Kidole

Novemba 12

Mimi Bundala Machibya nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili. Nimewaona wenyeviti saba wa kijiji wakiingia na kutoka. Nimezivuka njaa tatu zenye majina na moja ambayo hakuna aliyebaki na nguvu ya kuipa jina. Nimeuona ugonjwa wa ndigana ukifagia zizi la baba yangu kwa wiki mbili. Na kulikuwa na mwalimu mmoja aliyesema kichwa changu ni cha kubebea kuni, hakitashika herufi. Yule alizikwa Mwanhuzi zamani. Mimi naandika.

Cheti changu cha kisomo cha watu wazima, hatua ya nne, mwaka 1977, kiko ukutani ndani ya nailoni. Mchwa walikula fremu, cheti wakakiheshimu. Maksai wangu mkubwa nimempa jina Cheti, ili hata walio nje wajue.

Leo binti yangu Lukresia, anayeuza dagaa kule Lamadi, ameniletea simu ya tachi na daftari hili. Ameniingiza kwenye kundi la kijiji, linaitwa Majirani wa Mtoni, watu arobaini na saba. Akasema, "Baba, humo ongea na watu. Yanayobaki andika kwenye daftari, usiongee peke yako, majirani wanasikia."

Mvua ya kwanza imenyesha saa tisa. Udongo umenuka vizuri.

Novemba 13

Mvua.

Novemba 15

Mayige, kamanda wetu wa sungusungu, ameandika kwenye kundi: "ngombe 3 wameonekana shambani kwa watu wenyewe wakachukue."

Nililitazama lile neno mpaka macho yakatoa maji. Halina kijiti. Kwenye kisomo tulifundishwa, ukiandika ng'ombe unaweka kijiti juu. Mwalimu alikiita ritifaa, sisi tukakiita kijiti. Kwangu mimi kile ni yangeyange, yule ndege mweupe anayepanda mgongoni mwa ng'ombe mvua zikianza. Ng'ombe asiye na yangeyange anatembea, anakula, lakini malisho yanakuwa kama ndoto ya mtu mwingine.

Kukitafuta kijiti kwenye simu kulinichukua muda wa kuchemsha viazi. Nikaandika: "Kamanda. Ng'ombe. Weka kijiti."

Mayige akajibu: "Sawa guku. Ila mtama wa watu wameula, wenye kijiti na wasio na kijiti."

Ameniita guku, babu. Heshima hiyo. Nimelala vizuri.

Novemba 19

Leo nimesahihisha watu kumi na mmoja kabla ya uji. Vijana wanaandika "2po" na "xaxa". Wanatia namba katikati ya neno kama mtu anayetia kokoto kwenye ugali. Onesmo wa dukani alitangaza msiba wa shangazi yake, akaandika "marehem". Nikamwambia marehemu ana u mwishoni. Akajibu, "Mzee, hata maiti unaipanga mstari?"

Wamenipa jina, Mzee Kijiti. Nimelipokea. Mtu asiye na lolote hapewi jina.

Novemba 20

Mvua. Panzi wengi.

Novemba 24

Nililala mchana, mvua ikiwa juu ya bati. Nikamwota Maganga.

Maganga alikuwa rafiki yangu, tulisoma kisomo benchi moja. Amekufa mwaka wa nne sasa. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu (haya nayasema humu tu), herufi zake zilisimama kama miti ya uzio mpya, ila kijiti alikisahau kila siku. Mimi nilikuwa namwekea. Mwalimu akigeuka ubaoni, mimi nanyoosha penseli, tik, nimeweka. Mwalimu hakujua hata siku moja.

Kwenye ndoto alikuwa ng'ambo ya mto, anaandika juu ya maji kwa kidole. Maneno yanakwenda, yeye anaandika mengine. Nikamwita, hakuinua kichwa. Nilipoamka mvua ilikuwa imekatika na yangeyange wamejaa uwanjani kwangu, wamesimama kimya wote, kama wameitwa kwenye kikao.

Desemba 1

Kabula, mjane wa Maganga, ameingia kwenye kundi. Ameandika: "mwadila wote mimi kabula wa maganga nimenunuliwa simu ngombe wangu wazima nawasalimu".

Nikamjibu: "Shemeji Kabula. Herufi kubwa hakuna. Nukta hakuna. Ng'ombe hana kijiti. Marehemu angeyaona haya angeona aibu."

Akaandika, "asante shemeji".

Ndivyo mtu anavyojifunza.

Desemba 3

Nimepanda mahindi upande wa kichuguu.

Desemba 7

Kabula hajaandika tena. Nadhani anafanya mazoezi.

Desemba 10

Lukresia amekuja na dagaa. Hakukaa hata kwenye kigoda.

"Baba, mama Kabula amekukosea nini?"

"Mimi hajanikosea. Amekosea lugha."

"Na lugha ndiyo iliyokutuma?"

Nikamwambia mtu akikosea anaambiwa, ndivyo tulivyolelewa.

"Watu wananipigia Lamadi, baba, niko na wateja, samaki mkononi. Wananiuliza neno fulani linaandikwaje, wasije wakasemwa na wewe mbele ya kijiji."

"Basi wanajifunza."

"Wanaogopa. Kuogopa na kujifunza umevitia zizi moja."

Akapika, akaosha sufuria, akaondoka na basi la saa kumi. Dagaa walikuwa na chumvi nyingi. Au labda ni mdomo wangu.

Desemba 12

Mvua. Mto umepanda hadi kwenye mawe ya kufulia.

Desemba 13

Mvua.

Desemba 14

Mvua. Mchana na jioni ni rangi moja. Nimesoma cheti changu mara mbili.

Desemba 16

Naandika polepole.

Saa nane mchana nilikuwa kitandani, mvua inapiga bati mpaka nyumba yote ikawa kama ngoma iliyofunikwa blanketi. Simu ikatetemeka. Kabula ameandika:

"mwano mto maksai wangu wameshikwa na maji niko nao njoni ngombe wanakufa".

Asiye wa kwetu nimweleze. Mwano ni ule ukelele wa hatari. Mtu akipigwa na wezi, au moto, au mnyama mkali, anapaza sauti, na aliyesikia haulizi ni nani wala kuna nini. Anachukua fimbo, anakimbia, na yeye anaupaza ili wa mbele yake asikie. Hivyo unapita kilima hadi kilima. Tangu nizaliwe mwano ni koo. Sijawahi kuuona umeandikwa.

Nikaandika: "Ng'ombe. Na mwano haupigwi kwenye simu."

Onesmo akaweka vikatuni vya kucheka. Mwingine akaandika "Mzee Kijiti kaamka leo". Wakacheka watu wanane, niliwahesabu nikafurahi. Nikaweka simu kifuani, nikalala. Niliota ng'ombe wanavuka mbingu, weupe wote, na hakuna sauti ya kwato.

Kilichoniamsha ni mwano wenyewe, wa koo, kutoka ng'ambo. Mchunga mbuzi mmoja alikuwa amepita juu ya ukingo akaona. Ilikuwa saa tisa na zaidi.

Nilikimbia. Kwa umri wangu nilikimbia, nikawapita wawili. Kabula alikuwa katikati ya maji, ameshikilia mgunga kwa mkono mmoja, mkono mwingine amejifunga kamba ya maksai wa kushoto. Wa kulia alikuwa amekwenda zamani. Mayige aliingia na mnyororo wa plau kiunoni, watu wanamshikilia, akamtoa Kabula, kisha yule ng'ombe. Kamba ilikuwa imemkata Kabula mpaka mfupa wa kiganja unaonekana.

Walipomlaza kwenye nyasi aliniona. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tumekutana kisimani, "Mwadila, shemeji."

Nikainama nikakunja ile kamba iliyolowa. Mwadila ni salamu ya mchana tu, jibu lake analijua hata mtoto wa miaka miwili.

Desemba 17

Mvua.

Desemba 19

Kikao cha sungusungu, chini ya paa la ghala la pamba. Mayige aliuliza jambo moja: mwano ulioandikwa ni mwano?

Nilisimama wa kwanza. Nilisema vizuri, hata walionichukia waliitikia kwa kichwa. Nilisema babu zetu hawakuandika mwano. Nilisema kitu kikiandikwa mtu anakisoma, kikipigwa mtu anakimbia, na kusoma si kukimbia. Nilisema kama angepaza sauti ningefika wa kwanza, kila mtu anajua miguu yangu.

Mayige akamgeukia Kabula, akamwita mayu, mama. "Mayu, kwa nini hukupaza sauti?"

"Nilipaza," Kabula alisema. "Mvua ilikuwa inasema kuliko mimi. Nikapaza mpaka koo likakauka. Ndipo nikakumbuka simu iko kwenye nailoni, shingoni."

"Ukaandika mara moja?"

Akaukalisha mkono wake wenye bandeji juu ya goti. Mayige akangoja.

"Niliandika nikafuta. Nikaandika tena nikafuta. Maji yalikuwa hapa, magotini, ng'ombe wote wawili walikuwa wamesimama bado. Nilikuwa natafuta kile kijiti cha shemeji. Sikukiona kiko wapi. Maji yalipofika kiunoni nikatuma hivyo hivyo."

Mvua peke yake ndiyo iliyokuwa inaongea juu ya ghala.

Wakaamua kwamba ni mwano. Waliosoma wakacheka walipewa kazi ya kujenga upya boma la Kabula. Mimi niliyeujibu kwa kusahihisha, nilete mnyama mmoja, na mpaka nilete, nisisalimiwe, nisipewe moto, nisiulizwe habari.

Nikasema, "Sileti." Nimewavuka wenyeviti saba. Nikatoka nje kwenye mvua nikiwa nimenyooka mgongo.

Desemba 21

Hakuna aliyenisalimu.

Desemba 22

Hakuna.

Desemba 23

Nilipita dukani kwa Onesmo. Aliniuzia kiberiti bila kunitazama, kama anauzia upepo.

Desemba 25

Nimeandika kwenye kundi: "Heri ya Krismasi, majirani wote." Herufi kubwa ipo, koma ipo, nukta ipo. Simu ilionyesha wameisoma watu arobaini na saba. Hakuna aliyejibu.

Desemba 27

Mvua, na jua ndani ya mvua. Fisi anaoa, tulikuwa tunasema utotoni. Nilimwambia Cheti, hakuna mwingine wa kumwambia.

Januari 1

Lukresia alipiga simu. Yeye yuko Lamadi, kikao hakimfungi. Nikamwambia niko salama. Akasema, "Baba, ukisema uko salama unapumua kama mtu aliyebeba gunia." Akakata. Salio lilikuwa lake.

Januari 3

Nimemwota tena Maganga, mchana, nikiwa nimeegemea ukuta wa zizi. Safari hii alikuwa upande wangu wa mto. Tumekaa benchi lile lile, miguu yetu ndani ya maji, samaki wadogo wanapita kati ya vidole. Akanisogezea daftari lake. Limejaa ng'ombe wasio na kijiti, ukurasa hadi ukurasa. Nikafungua mdomo kumwambia. Akaniambia yeye kwanza, pole pole: "Bundala, wewe ulikuwa unaniwekea. Hukuwa unanisema."

Nilipoamka maji ya mvua yalikuwa yamefika miguuni kweli.

Nimekaa pale mpaka jua likazama. Hili silisemi kwa mtu.

Januari 4

Asubuhi nimemfungua Cheti nikampeleka kwa Kabula. Majaruba yake ya mpunga yalikuwa yamejaa maji, hayajalimwa, na maksai mmoja havuti plau peke yake. Mwezi huu ukipita, hana chakula cha mwaka mzima. Hilo kijiji kizima kinalijua, na boma alikuwa nalo jipya, lakini boma haliliwi.

Kabula alikuwa mlangoni. Haruhusiwi kunisalimu, na yeye ni mtu wa sheria. Akamsalimu ng'ombe.

"Mwangaluka, Cheti. Mwenye wewe amekuleta kama faini?"

Nikamjibu ng'ombe vilevile. "Cheti, mwambie si faini. Faini nilisema sileti. Wewe umekuja kulima tu."

"Cheti, wewe ni wa upande gani wa nira?"

"Kushoto."

"Na wangu aliyebaki ni wa kushoto."

"Najua."

"Basi, Cheti, umeletwa kama tatizo lenye pembe."

Ng'ombe wa kushoto hatembei kulia. Amefundishwa hivyo tangu ndama, mtaro ukiwa upande ule hajui mguu auweke wapi. Nikasema, kwa Cheti, kwamba mimi nitatembea mbele yake upande wa kulia mpaka aelewe, na kama haelewi nitatembea mpaka mmoja wetu afe, na mimi si mtu wa kufa haraka.

Januari 5

Tope hadi magoti. Cheti alikwenda kushoto.

Januari 6

Kushoto.

Januari 7

Kushoto. Tulianguka mimi na yeye. Kabula alicheka, kisha akamwomba ng'ombe msamaha.

Januari 8

"Cheti, mwambie mwenye wewe uji uko tayari." Uji wa ulezi. Tulikunywa kila mtu akitazama upande wake. Nikasema kwa Cheti kwamba marehemu Maganga alikuwa hakumbuki kijiti, hata siku moja, na mimi nilikuwa namwekea kwa siri.

Kabula akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Cheti, mume wangu alijua. Alikuwa anaviacha makusudi. Alisema Bundala asipopata cha kuweka anakosa raha siku nzima."

Nilikwenda kutazama maji kwenye jaruba la mwisho. Yalikuwa hayana shida yoyote.

Januari 9

Mvua nyembamba, kama unga unaochekechwa. Cheti alikwenda kulia hatua kumi na nne, akakumbuka, akarudi kushoto.

Januari 12

Cheti anatembea kulia. Nani mwingine katika wilaya hii amemgeuza maksai wa miaka tisa? Namwuliza yeyote. Majaruba matatu yamekwisha, limebaki moja.

Januari 17

Saa nne asubuhi, anga limefunga kuelekea juu ya mto, huku kwetu kukavu. Nilikuwa nimerudi nyumbani kuchukua kamba mpya ya nira. Simu ikatetemeka. Kabula, ambaye hakuwa ameandika tangu siku ile:

"mwano mto milembe wa kamanda kashikwa maji anatoka gulioni yuko kwa mti njoni".

Milembe ni mke wa Mayige. Na Mayige, nilijua, yuko shamba la mbali anapalilia pamba, simu anaiacha nyumbani isilowe. Nusu ya kijiji wako hivyo, shambani, simu ziko majumbani zinatetemeka juu ya vitanda.

Nilipanda jiwe lililo nyuma ya nyumba yangu. Mara ya mwisho kupanda pale nilikuwa na meno yote. Nikaupaza mwano.

Sijui niliitoa wapi ile sauti. Ilikuwa ya baba yangu. Ilitoka, ikaenda juu ya mahindi, juu ya majaruba, na sekunde chache dunia ilikuwa kimya, kama ile ndoto ya ng'ombe wasio na kwato. Nikafikiri hakuna atakayemjibu mtu asiyesalimiwa. Kisha mtu mmoja upande wa mashariki akaupokea. Kisha mwingine. Kisha vilima vyote vikawa vinaita. Nikaona watu wanatoka kwenye kijani kama mchwa wa mvua, jembe mkononi, hakuna aliyeuliza ni nani ameanza.

Nilifika mtoni wa tano. Kabula alikuwa ukingoni, amemtupia Milembe kamba, anaishikilia kwa mkono ule wenye kovu. Tulishika nyuma yake. Mayige alifika akiwa hana shati. Tulivuta wote. Milembe alitoka na kapu lake la nyanya bado mkononi, nyanya tatu zimebaki, akaanza kulia kwa sababu ya zile zilizokwenda.

Maji yaliyofuata nyuma yake yalileta mti mzima na mizizi yake.

Tulikaa kwenye nyasi mpaka miili ikatulia. Mayige akanijia. Ilikwisha kuwa saa saba mchana. Akasema, "Mwangaluka, guku." Hiyo ni salamu ya asubuhi. Ilikuwa kama ananilipa asubuhi zote zilizopita.

Nikaitikia, "Mhola."

Akatazama kule kwenye jaruba la Kabula, Cheti amesimama na nira, upande wa kulia, yangeyange mmoja juu yake.

"Mnyama namwona," akasema.

"Si faini."

"Sijasema faini, guku. Nimesema namwona."

Ujumbe wa Kabula ulikuwa na makosa sita. Niliyahesabu baadaye, nikiwa nimekwisha fika.

Januari 18

Mvua. Watu kumi na tisa wamenisalimu. Kwenye kundi, Onesmo ameandika "mzee bundala koo lako lina spika". Sikusahihisha kitu. Vidole vilitaka, nikavikalia.

Januari 23

Mpunga wa Kabula umepandwa wote. Cheti amebaki kule, huyu wa kwake amemzoea, na mimi napita kila asubuhi kuangalia kama wanamlisha sawasawa. Wanamlisha. Uji upo.

Daftari limefika ukurasa wa mwisho. Atakayesema nimetia chumvi, amwulize Kabula, naye atamwonyesha kiganja. Amwulize Milembe, bado anazidai zile nyanya. Amwulize kamanda Mayige, mtu ambaye hanipendi sana, kwa hiyo hatanipendelea. Lukresia hakuwepo, lakini aliusikia ukelele wangu kwenye simu, mtu aliurekodi, Onesmo akamtumia, na alilia kule Lamadi mbele ya wateja.

Na kama hao hawatoshi, aende kwa Kabula amfunge Cheti nira upande wa kushoto. Ajaribu tu. Aone kama atakwenda.